Dagaa au maini, dona au sembe: pesa ya mama kijacho iende wapi

Mama kijacho akirudi kutoka kliniki na jibu kwamba damu yake ni gramu 9, kila mtu nyumbani ana ushauri. Mama mkwe anataka rozela ichemshwe. Wifi anamjua mtu anayesaga unga wa lishe wenye nafaka chungu nzima. Jirani anaapia maini ya ng'ombe, tena kila siku. Kijana wa duka la dawa la mtaani naye ana chupa ya dawa ya maji, nyekundu, yenye picha ya mama mwenye tumbo anayetabasamu. Pesa iliyopo ni moja, na ikiishia kwenye rozela haibaki ya dagaa.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya nyumba hiyo. Sikuvipanga vyakula kwa sifa wala kwa bei. Nimevipima kwa swali moja: akikila, kiasi gani kinafika kwenye damu yake na kwa mtoto aliye tumboni? Kwa kipimo hicho baadhi ya vitu vinavyosifiwa sana vinashuka, na vingine vinavyoonekana vya kimaskini vinapanda.

Mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 11 kwa desilita (sehemu ya kumi ya lita) ya damu. Katika miezi ya katikati mpaka ni 10.5, kwa sababu maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu. Chini ya 7 ni upungufu mkali, wa kwenda hospitali siku hiyohiyo. Utafiti wa kitaifa wa afya Tanzania wa 2015-16 uliwakuta asilimia 57 ya wajawazito wana upungufu. Na si jambo la uchovu na kizunguzungu tu. Utafiti uitwao WOMAN-2, uliofanyika Tanzania, Zambia, Nigeria na Pakistan kwa zaidi ya wanawake 10,000 wenye upungufu wa kati au mkali, ulionyesha kuwa kadiri damu ilivyokuwa ndogo kabla ya kujifungua, ndivyo hatari ya kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ilivyopanda. Kwa mtoto, upungufu wa mama huendana na kuzaliwa njiti au na uzito chini ya kilo 2.5. Isitoshe, mtoto huzaliwa na akiba ya chuma aliyoichota kwa mama, na akiba hiyo ndiyo humvusha miezi sita ya mwanzo, maana maziwa ya mama yana chuma kidogo sana. Akizaliwa na akiba pungufu, anaanza maisha akiwa na deni.

Kidonge au chakula?

Hapa ndipo pesa nyingi inapopotea, kwa hiyo tupige hesabu.

Mimba moja humgharimu mama takriban gramu nzima ya madini ya chuma: ya kuongeza damu yake mwenyewe, ya mtoto, ya kondo la nyuma, na ile atakayoipoteza akijifungua. Mahitaji hayagawanyiki sawa. Miezi mitatu ya mwanzo ni madogo, kisha yanapanda, na nusu ya pili ya mimba mwili unahitaji miligramu 4 hadi 6 za chuma iliyokwisha kuingia mwilini, kila siku.

Sasa chukua gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyoiva. Yana kama miligramu 6 za chuma, na chuma ya nyama huingia vizuri, tuseme robo yake. Umepata miligramu 1.5. Chukua gramu 100 za mchicha: una kama miligramu 2, lakini chuma ya majani huingia kwa shida, mara nyingi chini ya sehemu moja ya kumi. Umepata chini ya 0.2. Kidonge chenye miligramu 60, mwili ukichukua sehemu moja ya kumi tu, ni miligramu 6. Na mwili wenye njaa ya chuma huchukua zaidi ya hapo.

Kwa hiyo sioni ubishi. Mwenye damu ndogo aanze na kidonge. Chakula kifanye kazi ambayo kidonge hakiwezi: protini, nguvu, kalsiamu, vitamini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 30 hadi 60 za chuma pamoja na miligramu 0.4 za asidi ya foliki kila siku kwa kipindi chote cha ujauzito. Ndivyo vidonge vinavyojulikana kliniki kama FEFO, au kwa lugha ya kina mama kwenye benchi la kliniki, vidonge vya damu.

Shida ya FEFO iko kwenye kumezwa. Makopo mengi hukutwa kabatini, nusu yamejaa, siku ya kujifungua. Sababu hujirudia: kichefuchefu, choo kigumu, harufu ya chuma mdomoni, na hofu kwamba vitamfanya mtoto awe mkubwa apasuliwe. Hiyo ya mwisho haina ukweli. Choo kuwa cheusi ni kawaida, ni chuma iliyobaki inatoka. Kichefuchefu hupungua kidonge kikimezwa usiku kabla ya kulala, hata baada ya kula kidogo. Choo kigumu kinatibika kwa maji mengi, papai na mboga. Kisimezwe kwa chai wala kwa maziwa. Maji tu, au kipande cha chungwa pembeni.

Na ile chupa nyekundu ya dukani? Soma lebo, utafute kiasi cha chuma kwa kijiko. Ukikuta ni pungufu sana ya miligramu 30 kwa siku, unalipia ladha na picha. Kwa asiyeweza kabisa kumeza vidonge ina nafasi yake, ila mhudumu akupigie hesabu ya vijiko.

Kuna kidonge kingine cha kuangalia kwa makini: asidi ya foliki ya miligramu 5, inayouzwa kwa urahisi. Mama anaona 5 ni nyingi kuliko 0.4, anadhani ni bora. Kwenye maeneo ya malaria sivyo, kwa sababu dozi hiyo kubwa hupunguza nguvu ya vidonge vya SP anavyopewa kliniki kuanzia wiki ya 13 kumkinga na malaria. Malaria nayo hula damu. Abaki na 0.4, isipokuwa daktari amempa ile kubwa kwa sababu maalumu, kwa mfano aliwahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi.

Na kwa kuwa tumeutaja mgongo wazi: uti wa mgongo wa mtoto hufunga kufikia siku ya 28 tangu mimba kutunga. Wanawake wengi siku hiyo hawajui hata kama wana mimba. Watoto wanaopelekwa taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili kufanyiwa upasuaji wa mgongo wazi na kichwa kikubwa walipata tatizo hilo wiki hizo za mwanzo kabisa. Anayepanga kubeba mimba aanze asidi ya foliki kabla, asisubiri kadi ya kliniki.

FEFO au kidonge cha virutubishi vingi?

Huu ni ulinganisho mpya kidogo, na Dar es Salaam ina sehemu yake katika kuujibu. Kidonge cha virutubishi vingi kilichopangwa kwa wajawazito kina vitamini na madini 15: chuma na asidi ya foliki zimo, kuna pia iodini, zinki, vitamini B12, D na vingine. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Dar es Salaam kwa wajawazito 8,468 wasio na VVU. Wote walipewa chuma na asidi ya foliki. Nusu yao wakaongezewa vitamini nyingi. Waliozaa watoto wenye uzito pungufu walikuwa asilimia 7.8 kwa waliopata vitamini, na 9.4 kwa wasiopata. Ni watoto 16 katika kila 1,000. Watoto njiti hawakupungua kwa kiasi cha kujivunia, wala vifo vya tumboni. Faida ipo, ila ina mipaka, na ni vizuri kuijua hivyo.

Kama kliniki yako inatoa vidonge vya virutubishi vingi, vichukue badala ya FEFO, usivimeze vyote viwili kwa kujiongezea. Lakini aliyepimwa akakutwa na damu ndogo ajue kwamba vidonge hivyo mara nyingi vina miligramu 30 tu za chuma. Kwake huenda hazitoshi, na mhudumu ndiye wa kuamua aongezewe nini. Kama ni vya kununua kwa pesa inayopaswa kuleta mboga na samaki, mimi ningebaki na FEFO ya bure, pesa iende sokoni.

Dagaa au maini?

Maini yana kila kinachosifiwa: chuma inayoingia vizuri, B12, foleti (asidi ya foliki iliyo kwenye chakula). Tatizo lake halisemwi benchini. Yana vitamini A nyingi mno, ya aina ile iliyo tayari, inayolimbikizwa mwilini. Kiwango kisichopaswa kuzidi kwa mjamzito ni mikrogramu 3,000 kwa siku, na gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyopikwa huwa na zaidi ya mara mbili ya hapo. Vitamini A ikizidi, hasa wiki za mwanzo viungo vinapoumbika, inaweza kumletea mtoto kasoro. Uingereza huwaambia wajawazito wasile maini kabisa. Kwetu, ambako chakula chenye chuma ni haba, sitafika huko, lakini ushauri wa "maini kila siku" naupinga. Miezi mitatu ya mwanzo ayaache. Baadaye kipande kidogo, si zaidi ya mara moja kwa wiki. Vitamini A ya mchicha, embe na viazi lishe vya rangi ya chungwa haina hatari hiyo, maana mwili huigeuza kadiri unavyoihitaji.

Dagaa hawana mpaka huo. Wanaliwa wazima, mifupa na yote, kwa hiyo kalsiamu inakuja humohumo. Protini ni ya kutosha. Ni samaki wadogo wa maisha mafupi, hawakusanyi zebaki, madini yenye sumu. Na wana faida ambayo watu hawaihesabu: nyama au samaki wakiwa kwenye sahani moja na mchicha au maharage, chuma ya mboga na ya maharage nayo huingia vizuri zaidi. Vijiko vichache vya dagaa juu ya mchicha vinaipandisha thamani sahani nzima. Katika masoko mengi bei ya nusu kilo ya maini inakupa dagaa wa siku kadhaa.

Ila dagaa wana mtego wao, nao ni mchanga. Wengi wa Ziwa Victoria huanikwa chini. Sokoni chagua waliokaushwa kwenye chanja, wanaong'aa, wasio na wekundu wala harufu kali. Nyumbani waloweke kwenye maji ya vuguvugu, wapekeche kwa vidole, uwainue kwa mkono badala ya kumwaga, kisha tazama chini ya bakuli. Ukiona punje za mchanga, rudia kwa maji mapya mpaka chini pawe safi. Kaanga kitunguu na nyanya mpaka zilainike, tia dagaa, na ukishaepua kamulia ndimu. Ndimu si ya harufu tu: vitamini C yake ndiyo inayoisukuma chuma ya mboga iingie.

Kwa wa pwani niseme la papa mkavu, maana najua anavyopendwa Tanga na Unguja. Papa ni samaki mkubwa anayeishi miaka mingi akila wenzake, na zebaki hukusanyika mwilini mwake. Zebaki hudhuru ubongo wa mtoto unaojengeka. Kwa miezi hii tisa dagaa, vibua na changu wachukue nafasi yake. Ukifika wakati wa kugawa kuku nyumbani, firigisi ambayo kwa mila ni ya baba iende kwa mama kijacho. Baba mtarajiwa mwenye mapenzi na mtoto wake ataielewa. Mayai nayo asikatazwe. Hakuna mtoto anayezaliwa kipara kwa sababu mama yake alikula yai.

Dona au sembe?

Jibu la haraka ni dona, kwa kuwa kukoboa huondoa ganda na kiini, na humo ndimo ziliko nyuzinyuzi, vitamini B na madini. Kwa mjamzito mwenye choo kigumu hilo pekee ni sababu tosha.

Lakini jibu la haraka lina tundu. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 iliua watu 125 Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto. Kwa hiyo swali ni mahindi yenyewe yametoka wapi. Kama ni ya kwenu, mliyakausha juu ya turubai, mkayapukusa na kuyachambua punje zilizooza, zenye rangi na zilizotobolewa na wadudu, saga dona bila wasiwasi. Kama ni ya dukani, huyajui, afadhali sembe ya pakiti iliyorutubishwa, ambayo imeongezewa chuma na asidi ya foliki. Dona ya mahindi yasiyojulikana ndiyo ninayoiweka mwisho.

Unga wa lishe unaangukia hapohapo. Kuchanganya mahindi, ulezi, mtama, soya na karanga kwenye mfuko mmoja kunaonekana ni utajiri. Tatizo ni kwamba karanga zina mafuta, unga ukikaa wiki chache unachacha, na karanga na mahindi ndivyo vinavyoongoza kwa sumukuvu. Anayeupenda uji atengeneze wa ulezi au wa unga wa pakiti, kisha atie maziwa, yai au karanga alizochambua na kutwanga mwenyewe asubuhi hiyo. Ni uleule utajiri, na anakijua kila kilichomo.

Rozela, bitiruti na chai

Wekundu wa kinywaji hauna uhusiano na wekundu wa damu. Gramu 100 za bitiruti zina chini ya miligramu moja ya chuma. Rozela ina uchachu mzuri, lakini ina pia vitu vinavyoifunga chuma. Kama mama anaipenda, anywe glasi moja moja kwa raha yake. Asiitegemee, wala isinunuliwe kwa pesa ya dagaa. Anayetaka kitu cha matunda kisaidie chuma, chungwa, pera na embe vinatosha.

Chai ndiyo mwizi wa kweli. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula hupunguza sana chuma inayoingia kutoka kwenye maharage na mboga. Hakuna haja ya kuiacha; isogezwe saa moja au zaidi mbali na mlo na mbali na kidonge. Hilo halina gharama hata senti.

Maziwa ya kopo ya wajawazito au ya ng'ombe?

Ya ng'ombe, yaliyochemka. Mabichi yanaweza kuleta ugonjwa wa brusela, na ugonjwa huo huweza kuharibu mimba. Kopo la dukani lina sukari na bei; virutubishi vilivyoongezwa humo mama anaweza kuvipata kwenye kidonge na sahani. Mtindi ni mzuri pia kwa anayesumbuliwa na maziwa fresh.

Kalsiamu ina uzito wake mwenyewe, maana husaidia kuzuia presha ya mimba ambayo huishia kwenye kifafa cha mimba. Kwa jamii zinazokula kalsiamu kidogo, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya gramu 1.5 hadi 2 kwa siku. Ni vikubwa na vingi. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya tafiti mbili, moja Dar es Salaam na nyingine Bangalore, India, kila moja ikiwa na wajawazito 11,000: miligramu 500 kwa siku zilizuia presha ya mimba sawa na 1,500. Kuhusu kuzaliwa njiti, India matokeo yalilingana, Tanzania hayakuthibitisha hivyo. Akipewa kidonge cha kalsiamu, kisimezwe kwa wakati mmoja na cha damu, kwani vinagombania mlango: kimoja asubuhi, kingine usiku.

Kula kwa wawili

Hapana. Miezi mitatu ya mwanzo hahitaji kuongeza kitu cha maana. Kisha anaongeza mlo mmoja mdogo kwa siku, kama bakuli la uji wenye maziwa na yai. Mwenye uzito wa kawaida anatarajiwa kuongezeka kilo 11.5 hadi 16 kwa mimba nzima. Aliyekuwa mwembamba sana, 12.5 hadi 18; mwenye unene uliopitiliza, chini ya hapo, kilo 5 hadi 9. Wapo wanaojinyima makusudi ili mtoto awe mdogo atoke kwa urahisi. Mtoto mdogo hivyo hupata baridi haraka, hunyonya kwa shida, na huugua. Na kwa upande wa pili, chapati, soda na juisi za sukari kila siku kwa mwenye kisukari katika ukoo zinaita kisukari cha mimba. Huyo aombe kupimwa sukari mapema.

Udongo, barafu, mchele mbichi

Hamu hizi zinakuja, na mama hasemi kwa aibu. Zinastahili kutajwa kliniki, kwa kuwa mara nyingi ni dalili kwamba chuma imepungua. Kati ya hivyo vitatu udongo ndio mbaya zaidi, uwe wa kichuguu au ule wa vipande wa sokoni: hufunga chuma tumboni isiingie, na unaweza kubeba mayai ya minyoo na madini ya risasi. Barafu ya maji yaliyochemshwa ndiyo yenye madhara kidogo kuliko vyote. Anayekula udongo kila siku amwambie mkunga kiasi anachokula, apimwe damu tena, na kama amefikisha miezi minne na hajapewa dawa ya minyoo aikumbushe. Vidonge vya damu vikimezwa sawasawa kwa wiki kadhaa, hamu yenyewe kwa wengi hupungua.